Saa za kwanza ndizo zinazookoa mguu: Upasuaji wa hadubini na safari ndefu ya majeruhi kutoka Malolo

MKULIMA wa Malolo, wilayani Kilosa, hahitaji kufundishwa thamani ya mfereji. Anajua kwamba jaruba likikatiwa maji, vitunguu hunyauka hata kama udongo wake ni mzuri na mbolea iliwekwa kwa wakati. Anajua pia kwamba jaruba linalopokea maji bila kuwa na mtaro wa kuyatolea hufurika na mizizi kuoza.

Mwili wa binadamu nao unafuata kanuni hiyo hiyo. Nyama, ngozi na mfupa huishi kwa sababu damu inaingia kupitia ateri na kutoka kupitia vena. Ajali inapong'oa ngozi na nyama na kuuacha mfupa wa mguu ukiwa wazi, sehemu hiyo huwa mithili ya shamba ambalo mfereji wake umebomoka. Isipofunikwa haraka kwa nyama hai yenye damu yake, itakauka, itaingia vijidudu, na mara nyingi mwisho wake ni mguu kukatwa.

Upo upasuaji unaoweza kuzuia hali hiyo. Daktari huchukua kipande cha nyama na ngozi kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mgonjwa, pamoja na mishipa yake ya damu, akakipeleka penye kidonda na kuiunganisha mishipa hiyo na ya sehemu mpya. Kwa kuwa mishipa yenyewe huwa na upana wa milimita moja hadi tatu, kazi hiyo hufanywa kwa kutazama kupitia hadubini, na ndiyo maana huitwa upasuaji wa hadubini.

Hata hivyo, makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kwa majeruhi wa maeneo kama Malolo, hatima ya mguu huanza kuamuliwa mapema zaidi, kando ya barabara, katika zahanati na ndani ya gari la wagonjwa, kabla hadubini haijawashwa taa.

Barabara kuu na majeraha yake

Kata ya Malolo ipo jirani na Ruaha Mbuyuni, mahali ambapo barabara kuu ya Tanzania na Zambia inatoka Mkoa wa Morogoro na kuingia Iringa. Kwa mgawanyo wa majimbo ya uchaguzi, kata hiyo imo katika Jimbo la Mikumi. Ni eneo la kilimo cha umwagiliaji, na mazao yake hutegemea barabara hiyo kuyafikia masoko ya mijini.

Barabara hiyo hiyo ndiyo inayobeba malori ya mizigo kwenda na kutoka Zambia na Kongo, mabasi ya mikoa ya kusini, magari madogo na pikipiki za abiria. Hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, hushuka katika bonde la Mto Ruaha Mkuu, kisha hupanda Mlima Kitonga wenye kona kali. Wasafiri wa njia hiyo wanafahamu jinsi mabaki ya magari yaliyopinduka yalivyo jambo la kawaida pembezoni mwake.

Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023, watu takriban milioni 1.19 hufariki dunia kila mwaka kutokana na ajali za barabarani. Wanaojeruhiwa wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 20 na milioni 50, na wengi wao hubaki na ulemavu. Vifo hutangazwa na kuhesabiwa, lakini miguu inayopotea baada ya wiki kadhaa wodini ni nadra kutajwa katika habari za ajali.

Mwendesha pikipiki ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya jeraha tunalolizungumzia. Dereva wa gari ana bati na vyuma vinavyomzunguka, ilhali mguu wa mwendesha pikipiki unaning'inia nje, kati ya chombo chake na kile kinachomgonga. Muundi, yaani mfupa mkubwa wa mbele ya mguu chini ya goti, umefunikwa kwa ngozi tu upande wa ndani, bila msuli wowote. Ukivunjika kwa kishindo, hutoboa ngozi na kutokea nje.

Ajali za barabarani hazipo peke yake. Mashine za kusaga na za kukata majani, matrekta madogo ya kulimia na mashine za viwandani hukata vidole na kuchuna ngozi za mikono. Majeraha hayo nayo huhitaji utaalamu huo huo.

Kwa nini ngozi peke yake haitoshi

Wananchi wengi wamewahi kusikia kuhusu kupandikiza ngozi, hasa kwa watu walioungua moto. Daktari huchuna tabaka jembamba la ngozi kutoka pajani na kulitandaza juu ya kidonda. Tabaka hilo huja bila mishipa yake, hivyo katika siku za mwanzo hunyonya lishe kutoka sehemu lilipolazwa, hadi mishipa midogo inapochipua na kuliunganisha na mwili.

Ni sawa na kupanda miche katika udongo ambao tayari una unyevu. Mahali penye nyama nyekundu yenye damu, ngozi hushika vizuri. Lakini mfupa uliovuliwa utando wake, kano iliyovuliwa ala yake au chuma kilichofungwa kuunga mfupa ni sawa na mwamba. Ngozi ikitandazwa hapo hufa baada ya siku chache.

Kwa hiyo jeraha la namna hiyo linahitaji kufunikwa kwa kipande hai, yaani kipande cha ngozi, au cha msuli, au vyote viwili, ambacho damu inaendelea kuzunguka ndani yake. Madaktari wanavyo vipande vya aina mbili.

Aina ya kwanza ni kipande cha jirani. Daktari hulegeza msuli ulio karibu na kidonda, akaugeuza na kuufunika juu ya mfupa bila kukata mishipa yake mikuu. Kidonda kilicho karibu na goti hufunikwa kwa msuli wa nje wa shavu la mguu. Kilicho katikati ya muundi hufunikwa kwa msuli wa ndani wa shavu hilo hilo. Kazi hii haihitaji hadubini, na daktari wa upasuaji wa mifupa aliyefundishwa vizuri anaweza kuifanya katika hospitali ya rufaa.

Aina ya pili ni kipande huru. Hiki huhitajika pale ambapo kidonda ni kikubwa mno, au kipo theluthi ya chini ya mguu karibu na kifundo, ambako misuli ya kugeuza ni haba, au pale ambapo nyama ya jirani nayo imepondwa katika ajali. Kipande hukatwa kabisa kutoka mgongoni au upande wa nje wa paja, mishipa yake ikakatwa, kisha ikaunganishwa upya mguuni. Ni kama kulihamisha jaruba zima pamoja na mfereji na mtaro wake, kisha kuvichomeka katika mto mwingine.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Kabla ya kufikiria kufunika, madaktari husafisha. Uchafu, mchanga, vipande vya nguo na nyama yote iliyokufa huondolewa. Mara nyingi mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji baada ya siku moja au mbili ili kuangalia kama kuna nyama nyingine iliyokufa. Wataalamu husisitiza kwamba kipande kizuri kikiwekwa juu ya kidonda kichafu, usaha utajifungia chini yake na kazi yote itapotea. Mfupa nao hutulizwa, aghalabu kwa vyuma vya nje vinavyoshikiliwa na pini zilizopenya ngozi.

Siku ya kuhamisha kipande, timu mbili zinaweza kufanya kazi kwa pamoja. Moja huandaa mishipa ya mguu uliojeruhiwa, nyingine hutoa kipande pajani au mgongoni. Mshipa unaotegemewa hufuatwa kwa uangalifu kati ya misuli, na vijitawi vyake hufungwa kimoja kimoja.

Kisha hadubini husogezwa. Uzi unaotumika kushonea ni mwembamba kuliko unywele wa kichwani, na sindano yake huonekana kwa shida kwa macho matupu. Ateri moja hushonwa kwa mishono inayoweza kufika minane au kumi kuuzunguka mdomo wake. Vena moja au mbili hushonwa vivyo hivyo. Mshono mmoja ukishika kuta zote mbili za mshipa kwa makosa, njia huziba. Daktari hulazimika kuegemeza mikono yake, kwani hata mpapatiko wa kawaida wa vidole huonekana mkubwa chini ya kioo.

Vibanio vinapoachiliwa, kipande kilichokuwa kimepauka hurudiwa na damu na kingo zake huanza kutoa damu nyekundu. Tangu mgonjwa anapolazwa usingizi hadi hatua hiyo, saa sita hadi kumi zinaweza kuwa zimepita.

Muuguzi wa usiku

Wengi hudhani kwamba kazi imekwisha hapo. Ukweli ni kwamba hatari kubwa ndiyo kwanza imeanza, kwa sababu matukio mengi ya damu kuganda kwenye mshono hutokea katika siku mbili hadi tatu za mwanzo. Katika kipindi hicho muuguzi hukiangalia kipande kila saa, usiku na mchana.

Kipande kikiwa baridi na kimepauka, maana yake damu haiingii. Kikivimba, kikawa na rangi ya zambarau na kutoa damu nyeusi kinapochomwa sindano, maana yake damu haitoki. Kwa wagonjwa wenye ngozi nyeusi, mabadiliko ya rangi ni magumu kuyaona, hivyo muuguzi hutegemea zaidi joto la kipande, tone la damu baada ya kuchoma kwa sindano, na kifaa kidogo kinachosikiliza mtiririko wa damu ndani ya mshipa.

Muuguzi akigundua dalili mapema na chumba cha upasuaji kikafunguliwa mara moja, mshono unaweza kufumuliwa, bonge la damu likatolewa na kipande kikaokolewa. Zikipita saa kadhaa, kipande hufa. Hospitali zenye uzoefu mkubwa duniani hufanikiwa katika zaidi ya asilimia 95 ya vipande huru, na ukesha huo wa wauguzi una mchango mkubwa katika mafanikio hayo.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Huzuiwa kabisa kuvuta sigara, kwa kuwa nikotini huibana mishipa midogo. Huhitaji pia joto la kutosha, maji ya kutosha mwilini na damu isiyopungua kupita kiasi.

Historia iliyoanzia mbali, ikapita Kilimanjaro

Msingi wa kushona mishipa ya damu uliwekwa na Alexis Carrel, daktari mzaliwa wa Ufaransa aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Mwaka 1960 huko Marekani, Julius Jacobson na Ernesto Suarez walionyesha kwamba kwa kutumia hadubini mishipa yenye upana wa takriban milimita moja na nusu inaweza kushonwa na ikabaki wazi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1962 madaktari wa Boston walirudishia mkono wa mvulana wa miaka 12 uliokuwa umekatika. Mwaka 1963 daktari Chen Zhongwei wa Shanghai, nchini China, alirudishia mkono wa mfanyakazi wa kiwandani. Mwaka 1965 madaktari wa Japani waliunganisha tena kidole gumba kilichokatika kabisa. Mwaka 1968, John Cobbett, katika hospitali ya East Grinstead nchini Uingereza, alichukua kidole gumba cha mguu na kukifanya kuwa gumba la mkono. Mwaka 1973 Rollin Daniel na Ian Taylor wa Australia walichapisha taarifa ya kuhamishia mguuni kipande huru cha ngozi kutoka kinenani.

East Grinstead ina uhusiano wa pekee na Afrika Mashariki. Hapo ndipo Archibald McIndoe alipowatibu marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mmoja wa waliojifunza kwake alikuwa Michael Wood, daktari aliyekuwa na shamba katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka 1957 wawili hao, pamoja na Mmarekani Thomas Rees, walianzisha huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege ambayo leo inajulikana kama AMREF. Wote watatu walikuwa mabingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Waliona kwamba majeruhi na walioungua vijijini walikuwa wakiishia kwenye ulemavu unaozuilika, kwa sababu tu bingwa yupo mbali.

Zaidi ya nusu karne imepita, na tatizo waliloliona bado halijaondoka katika mabonde ya Kilosa.

Somo la saa 72

Aliyeonyesha kwa takwimu umuhimu wa muda ni Marko Godina, daktari wa Ljubljana, katika nchi ambayo leo ni Slovenia. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 1986 ulihusu wagonjwa 532 waliofanyiwa upasuaji wa hadubini baada ya kuumia vibaya mikono au miguu.

Kwa waliofunikwa ndani ya saa 72 tangu kuumia, vipande vilivyokufa vilikuwa asilimia 0.75 tu, na waliopata maambukizi walikuwa asilimia 1.5. Kwa waliofunikwa kati ya saa 72 na miezi mitatu, vipande vilivyokufa vilifika asilimia 12 na maambukizi asilimia 17.5. Mifupa ya kundi la kwanza iliunga kwa wastani wa miezi 6.8, na ya kundi la pili kwa miezi 12.3.

Godina mwenyewe hakuuona utafiti huo ukisambaa duniani. Alifariki dunia mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 43, kwa ajali ya gari.

Tafiti za baadaye zimelegeza kidogo kanuni hiyo. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kwa njia za kisasa za kutunza kidonda, ikiwamo bandeji zinazofyonza majimaji kwa mashine, matokeo mazuri yanaweza kupatikana hadi siku 10. Lakini kanuni yenyewe imebaki pale pale: kadiri mfupa unavyokaa wazi, ndivyo vijidudu vinavyojenga makao.

Hesabu hiyo ikipelekwa Malolo, picha inabadilika. Kutoka eneo hilo hadi Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), ni zaidi ya kilomita 350. Majeruhi aghalabu huanzia zahanati au kituo cha afya, akapelekwa hospitali kama ya Mtakatifu Kizito iliyopo Mikumi, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro au ile ya Iringa, na hatimaye Muhimbili. Kila kituo kina foleni yake, karatasi zake za rufaa na malipo yake. Siku tatu za Godina zinaweza kumalizika kabla mgonjwa hajakutana na bingwa hata mmoja.

Hali ilivyo Afrika Mashariki

MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, ndicho kitovu cha matibabu ya mifupa nchini. Utafiti uliofanyika hapo na kuchapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia wagonjwa waliovunjika miundi kwa majeraha ya wazi. Ulibaini kwamba wale ambao vidonda vyao havikufunikwa ipasavyo walikuwa na hali mbaya zaidi katika mwaka uliofuata kuliko wenzao waliofunikwa.

Kwa sababu hiyo, madaktari wa taasisi hiyo na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wamewahi kuendesha mafunzo ya kuwafundisha wapasuaji wa mifupa jinsi ya kugeuza vipande vya jirani. Hoja yao ni ya busara: nchi yenye mabingwa wachache wa hadubini haiwezi kusubiri hadubini kwa kila mguu. Majeraha mengi ya goti na ya katikati ya muundi yanaweza kufunikwa kwa msuli wa jirani, na hadubini ikabakizwa kwa yale yasiyo na njia nyingine.

Nchini Uganda, Hospitali ya CoRSU iliyopo Kisubi, karibu na Entebbe, imejenga huduma ya vipande huru. Madaktari wake walichapisha mwaka 2016 tathmini ya miaka sita, wakaeleza bila kuficha kwamba vipande vilivyokufa vilikuwa vingi kuliko katika nchi tajiri. Walieleza pia changamoto za kufanya kazi hiyo katika mazingira yetu. Uwazi wa namna hiyo ni msaada kwa hospitali nyingine za ukanda huu, kwani huwawezesha wanaoanza leo kujifunza kutokana na makosa ya waliotangulia.

Nchini Kenya, mwanzoni mwa mwaka 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilirudishia mkono wa kijana wa miaka 17 uliokatwa na mashine ya kukata majani ya ng'ombe. Upasuaji ulichukua takriban saa saba. Kilichowezesha jambo hilo si ufundi wa madaktari peke yake. Mkono uliokatika ulihifadhiwa na kufikishwa hospitali pamoja na mwenyewe, tena kwa wakati.

Mafunzo ya mabingwa wa upasuaji katika ukanda huu yanasimamiwa pia na Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika (COSECSA), kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha. Hata hivyo, bingwa bila hadubini, bila nyuzi na bila muuguzi wa kukesha ni sawa na fundi aliyenyang'anywa zana.

Yanayopaswa kufanywa kando ya barabara

Msomaji anaweza kujiuliza, mambo haya ya kitaalamu yanamhusu nini yeye ambaye si daktari. Yanamhusu sana, kwa kuwa karibu kila abiria wa njia ya Mikumi anaweza kuwa mtu wa kwanza kufika kwenye ajali. Wataalamu wanashauri yafuatayo.

Kwanza, zuia damu. Kandamiza jeraha moja kwa moja kwa kitambaa safi na usiachie kila mara kuchungulia. Damu ikiwa inaruka na haizuiliki, funga mkanda mpana juu ya jeraha, ubane hadi damu ikome, na uandike saa uliyofunga. Usitumie waya wala kamba nyembamba.

Pili, usiweke kitu chochote ndani ya kidonda. Mafuta ya taa, udongo, majivu, dawa ya meno na majani ya kienyeji huua nyama ambayo ingeweza kupona, na huongeza vijidudu. Funika kwa kitambaa safi kilicholowanishwa kwa maji safi.

Tatu, tuliza mguu. Ufunge pamoja na ubao au mguu mwingine ulio mzima. Mfupa unaochezacheza garini huendelea kukata mishipa ya damu na ya fahamu.

Nne, kama kidole au kiungo kimekatika kabisa, kitafute na kukichukua. Kisuuze kwa maji safi, kifunge ndani ya kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo uuweke juu ya barafu au ndani ya maji ya barafu. Kiungo kisigusane na barafu moja kwa moja, kwa maana itakiunguza. Mkono au mguu wenye misuli mingi huvumilia takriban saa sita tu katika joto la kawaida. Kidole, ambacho hakina misuli, kinaweza kuvumilia saa 12, na hata 24 kikihifadhiwa kwenye ubaridi.

Tano, mgonjwa asile wala kunywa, kwani huenda akahitaji usingizi wa upasuaji. Kituo cha kwanza kitakachompokea kimpe dawa za kuua vijidudu mapema kadiri inavyowezekana, pamoja na chanjo ya pepopunda. Dawa hizo zipo hata katika vituo vidogo, na zikitolewa ndani ya saa tatu za mwanzo hupunguza maambukizi kwa kiasi kikubwa.

Sita, mvunjiko wenye kidonda usipelekwe kwa muunga mifupa wa kienyeji, wala usifungiwe plasta juu ya kidonda na mgonjwa akarudishwa nyumbani. Rufaa ifanywe siku hiyo hiyo.

Gharama ya kuchelewa

Wapo wanaosema kwamba upasuaji wa aina hii ni anasa kwa nchi yenye upungufu wa dawa za malaria. Hoja hiyo inafaa kupimwa kwa hesabu kamili.

Mguu uliokatwa hauishii hospitalini. Mguu wa bandia huchakaa na huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na mtoto anayekua huhitaji kubadilishiwa mara nyingi zaidi. Chuo cha TATCOT mjini Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1981, kimewafundisha mafundi wa viungo bandia wa Tanzania na wa nchi nyingine nyingi, lakini safari ya kutoka Malolo kwenda kwa fundi kama huyo bado ni ndefu na ya gharama. Mguu wa bandia, tena, haukuundwa kwa ajili ya kusimama ndani ya tope la jaruba la mpunga tangu alfajiri.

Kwa upande wa mkono, gumba peke yake linakadiriwa kubeba takriban asilimia 40 ya kazi za kiganja. Mtu asiye na gumba hashiki jembe, hafungi kishikizo na hahesabu noti kwa urahisi. Tukizingatia kwamba wengi wa majeruhi ni vijana wanaotegemewa na familia, tutaona kwamba mguu au mkono mmoja unapopotea, ada za shule na chakula cha kaya nzima hupotea pamoja nao.

Linalohitajika si hadubini katika kila wilaya. Ni mpango unaoeleweka, wa kwamba majeruhi mwenye mfupa wazi atambuliwe mapema, apewe dawa, asafishwe kidonda, na mabingwa wapigiwe simu siku hiyo hiyo badala ya baada ya wiki mbili usaha ukiwa umeshatanda. Tanzania imeonyesha kwamba inaweza kupanga usafiri wa dharura, kama ilivyofanya kwa wajawazito kupitia mfumo wa m-mama ulioanza kutandazwa nchi nzima mwaka 2022. Aidha, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 imefungua mlango wa kujadili ni nani atalipia kiti cha gari la wagonjwa na uzi ule mwembamba kuliko unywele.

Wakulima wa Malolo wana utaratibu wao mfereji unapobomoka. Hawasubiri kikao cha mwezi ujao, kwa sababu wanajua miche haitasubiri. Hutoka na majembe siku hiyo hiyo. Majeruhi wa barabara ya Mikumi anastahili haraka ya namna hiyo, kuanzia kwa mpita njia wa kwanza anayeshuka garini hadi kwa muuguzi anayekesha pembeni ya kitanda chake.